Nani Aliyeleta Utamaduni Tabora?

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na wanafunzi, Tabora



Mgeni afikapo katika mji huu huonyeshwa miembe. Huambiwa kwamba miembe hii, pamoja na mingine iliyotapakaa kuanzia Bagamoyo mpaka Ujiji, ndiyo alama ya njia ya zamani ya misafara. Kisha husimuliwa moja kati ya habari mbili. Ya kwanza ni kwamba Waarabu waliipanda ili wapate kivuli. Ya pili ni kwamba watumwa waliokuwa wakiswagwa kwenda pwani walikula maembe na kutupa kokwa njiani. Katika habari zote mbili mwenyeji wa nchi hii hana tendo lolote la hiari. Ama amepandiwa mti, ama amepitishwa chini ya mti akiwa na mnyororo shingoni. Hatajwi kabisa mtu wa tatu, ambaye kwa wingi wake na kwa miaka aliyoitembea njia hiyo alistahili kutajwa wa kwanza: mpagazi wa Kinyamwezi, aliyekwenda pwani kwa miguu yake na kwa hiari yake, mzigo wa pembe za ndovu begani, akarudi kwao na nguo, ushanga, chumvi na habari.

Elimu ya kikoloni ilifundisha kwamba utamaduni huteremka kama maji ya mlimani: kutoka Ulaya kuja Afrika, kutoka pwani kwenda bara, kutoka mjini kwenda shamba. Kazi ya aliye chini ni kukinga mtungi. La kusikitisha ni kwamba wapo wasomi wengi walioukataa ukoloni kwa maneno makali lakini picha hii wakabaki nayo. Wamebadilisha jina la mtoaji tu. Njia ya misafara ya Tabora ni ushahidi mkubwa dhidi ya picha hiyo, na ushahidi wenyewe haujafichwa. Umo katika maneno tunayosema kila siku, katika mazishi yetu, na hata katika muziki.

Kwanza yafaa ijulikane nani alifungua njia. Kabla ya mfanyabiashara yeyote wa pwani kujenga Unyanyembe, nchi hizi zilikuwa na biashara yake. Chumvi ya Uvinza ilichemshwa na kusafirishwa kwa karne nyingi. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya kazi hiyo yenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Majembe ya chuma ya Wasumbwa na ya majirani zao wa kaskazini na magharibi yalizunguka kutoka utemi hadi utemi, yakilimia na pia yakilipia mahari. Njia kuu ya kwenda pwani ilizaliwa na vijia hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wanyamwezi walikwisha kufika pwani na pembe zao, na ni baada ya hapo ndipo watu wa pwani walipoanza kupanda bara kwa wingi, wakiwafuata nyuma. Richard Burton na John Speke walipoingia Kaze, yaani Tabora, Novemba 1857, walikuta Waarabu wenye nyumba na mashamba. Lakini Waarabu hao waliijia njia ambayo nyasi zake zilikwisha kukanyagwa.

Safari kutoka Unyanyembe hadi pwani ilikuwa ya kilomita zipatazo 800, na msafara mwepesi wa Wanyamwezi uliikata kwa miezi miwili au mitatu. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo zaidi ya 30, mbali na chungu chake, mkeka wake na silaha yake. Walikuwamo pia wanawake, waliopika, waliobeba, na waliofanya biashara ndogo ndogo kambini. Kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa bado mtoto. Mwaka 2006 mwanahistoria Stephen Rockel alitoa kitabu kizima juu ya watu hawa, akawaita wachukuzi wa utamaduni, na akaonyesha kwamba wengi wao hawakuwa watumwa bali wafanyakazi wa ujira waliojua kudai haki zao, na kutupa mizigo chini pale posho ilipopunguzwa. Wanaotafuta mwanzo wa mgomo wa wafanyakazi katika nchi hii wasiishie bandarini Dar es Salaam. Waanzie katika kambi za Ugogo.

Sasa tuyatazame maneno. Husemwa kwamba Kiswahili kililetwa Tabora kutoka pwani, na hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Neno mnyapara ni la wapi? Katika Unyamwezi wanyampala walikuwa wazee na wakuu waliomsaidia mtemi katika utawala. Msafara ulipoundwa kama kijiji kinachotembea, mkuu wa kikundi cha wapagazi akapewa cheo cha mzee wa kijiji, na cheo hicho kikateremka pamoja na mizigo mpaka pwani, kikaingia katika Kiswahili. Baadaye wakoloni wakakichukua, wakamvika msimamizi wa mashamba ya mkonge na wa magereza, na neno la heshima likawa neno la kuchukiwa. Hali kadhalika tembe, nyumba ndefu yenye paa la udongo la bapa, ambayo wakati wa vita vya karne ya 19 ilienea sana katika bara la kati kwa kuwa ilikuwa vigumu kuichoma moto. Waarabu wa Unyanyembe waliishi katika matembe. Mpokeaji hapa ni nani?

Neno hongo linastahili kusimamiwa zaidi. Leo kila mtu anajua maana yake, na Chama na Serikali vimelipiga vita tangu Uhuru. Lakini katika siku za misafara hongo ilikuwa ushuru uliotozwa waziwazi na watemi, hasa wa Ugogo, kwa msafara uliotaka kupita na kunywa maji. Ugogo ni nchi kame. Visima vilichimbwa na Wagogo kwa jasho lao, na msafara wa watu mia tano ungeweza kukausha kisima kimoja kwa siku moja. Hongo ilijadiliwa mchana, mbele ya watu, kwa nguo zilizohesabiwa. Wazungu wasafiri waliandika kurasa nyingi wakiilalamikia kana kwamba ni unyang'anyi, ingawa katika nchi zao wenyewe hakuna aliyevuka mpaka bila kulipa forodha. Utawala wa kigeni ukaondoa haki ya mtemi ya kutoza, neno likabaki bila mwenyewe, likahamia kwa anayepokea gizani. Hivyo ndivyo mila zinavyosafiri: mara nyingi jina hufika salama na maana ikafia njiani.

Katika bidhaa pia mambo hayakuwa kama yanavyosimuliwa. Nguo iliyopendwa kuliko zote iliitwa merikani, kwa sababu ilifumwa katika viwanda vya Marekani. Ushanga ulitoka Venice. Ukisikia hivyo utadhani mwenye kiwanda ndiye aliyeamua watu wa Unyamwezi wavae nini. Kinyume chake ndicho kilichokuwa. Ushanga mwekundu uliotafutwa sana katika nchi moja ulikataliwa katika nchi ya pili, na mfanyabiashara aliyekosea rangi alibaki na mizigo isiyoweza kumnunulia hata mtama wa chakula cha jioni. Burton aliandika kuhusu aina mamia za ushanga na jinsi ilivyokuwa hatari kwa msafiri kutojua ipi inatakiwa wapi. Kwa hiyo fundi wa Venice, bila kujua, alikuwa akifuata amri ya mwanamke wa kijijini aliyesema, huu naupenda, na ule siutaki. Mpunga, mihogo na mahindi vilikuja vivyo hivyo, vikakubaliwa pale vilipofaa na kuachwa pale mtama ulipofaa zaidi.

Hata hivyo, jambo kubwa kuliko yote lililotengenezwa na njia hii halikutoka pwani wala bara. Lilizaliwa njiani kwenyewe. Nalo ni utani.

Mtani kati ya ukoo na ukoo, au wa babu na mjukuu, alikuwapo katika makabila mengi tangu zamani. Lakini utani wa kabila na kabila, kama ule wa Mnyamwezi na Mzaramo, ulipata nguvu kutokana na misafara. Fikirini hali ya mpagazi. Yuko mbali na kwao, katika nchi ambayo hana shangazi wala mjomba. Akiugua, nani atampa maji? Akifa, nani atamchimbia kaburi? Ndugu yake wa karibu yuko mwendo wa miezi miwili. Wenzake wa msafara lazima waondoke alfajiri. Mwenyeji naye anamwogopa mgeni, pengine babu zao walipigana. Watu wa nchi hizi hawakungoja mtawala awatungie sheria. Walichukua ule uadui wa zamani wakaugeuza mzaha, na juu ya mzaha wakaweka wajibu. Ndiyo maana mtani anaruhusiwa kukutukana mbele ya baba yako, kuchukua kuku wako bila kuomba, kulala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kitu, lakini ni yeyeyule anayeshika jembe na kumzika maiti wako wakati wewe umelemewa na kilio.

Wapo wanaosema utani ni uchekeshaji wa watu wasio na kazi. Wanaosema hivyo hawajafiwa ugenini. Vijana wa Unyamwezi walipokwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, waliukuta utani ukiwangoja, umekwisha kuandaliwa na babu zao waliopita na pembe. Mengi yamesemwa juu ya umoja wa taifa hili, na ni haki kuwasifu viongozi waliouimarisha. Lakini Mwalimu na wenzake walipoanza kuwaita watu wa makabila zaidi ya mia moja wawe kitu kimoja, waliwakuta watu ambao tayari walikuwa wakizikana. Jirani zetu kadhaa hawakuwa na akiba kama hiyo.

Mila za kiroho nazo zilisafiri, na si katika njia ya mashariki na magharibi peke yake. Uswezi, chama cha watu wa mizimu ambacho wazee wa Tabora wanakifahamu vyema, asili yake ni kaskazini, katika imani za Wachwezi wa Bunyoro, nchini Uganda. Uliteremka hadi Unyamwezi bila kubebwa na mfanyabiashara hata mmoja wa nguo, na bila kitabu. Ulipita kutoka mgonjwa hadi mganga, na kutoka mganga hadi mwanafunzi wake.

Katika Uislamu upo mfano ambao ungetosha peke yake. Katika karne ya 19 mtoto mmoja wa Umanyema, mashariki ya Kongo, alitekwa akapelekwa pwani, akawa mtumwa katika nyumba ya mtu mkubwa wa Bagamoyo. Alisoma, akawa mwanachuoni, akawa kiongozi wa tarika ya Qadiriyya. Huyo ndiye Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931, na ambaye ziara yake ilivuta watu wa mrima na wa bara. Wanafunzi walishuka kwake, na mafundisho yakapanda kuelekea bara kwa njia ileile aliyoteremshwa yeye kama bidhaa. Aliyehesabiwa mzigo akawa mwenye kutoa. Wale wanaosema kwamba Waarabu waliwafundisha dini watu wa bara hawana budi wamtafutie Sheikh Ramiya nafasi katika maneno yao.

Hapa ndugu wasikilizaji wanaweza kuuliza kama njia hii inasifiwa kupita kiasi. Swali hilo ni la haki. Njia ileile ilibeba ndui na kipindupindu. Funza, mdudu aliyetua Angola mwaka 1872 kwa meli kutoka ng'ambo, alivuka bara zima kwa miguu ya watu na kufika pwani ya mashariki kabla karne haijaisha. Bunduki zilikuja kwa maelfu. Watumwa walipita hapa, hilo halina ubishi, na wengi hawakupita: walibaki Unyamwezi kwenyewe, wakilima mashamba ya wenyeji waliokuwa safarini. Pembe ilimletea Mnyamwezi mali, na kwa sehemu ya mali hiyo alinunua mtu. Historia ya umma haiwi ya kweli kwa kuwafanya wanyonge wote kuwa malaika. Tabaka jipya la matajiri, weusi na Waarabu pamoja, lilikuwa likizaliwa Unyanyembe, na Mirambo wa Urambo alipoanza vita na Waarabu mwaka 1871 hakuwa akipigania kuifuta biashara hiyo bali kuitawala. Jeshi lake lenyewe ni funzo katika habari hii. Mbinu zake nyingi zilifuata mfano wa Watuta, tawi la Wangoni waliotoka Afrika ya Kusini, na bunduki zake zilitoka pwani. Kutoka pande mbili za dunia akaunda kitu ambacho hakikuwa cha Kingoni wala cha pwani, naye akakitumia mpaka kifo chake Desemba 1884.

Mwenzake Msiri alikwenda mbali zaidi. Yeye alitoka upande wa Wasumbwa, akafuata shaba hadi Katanga, akajenga dola katika Bunkeya, akatawala hadi alipouawa na maofisa waliotumwa na mfalme wa Ubelgiji, Desemba 1891. Wafuasi wake, Wayeke, wapo huko hadi leo. Wakati huo huo misafara ya akina Tippu Tip, ambaye baba yake alimwoa binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, ilikuwa ikipeleka Kiswahili Umanyema. Leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kilifikishwa huko zaidi na wapagazi, askari na wake zao, watu ambao wengi wao lugha ya kwanza haikuwa Kiswahili.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mpagazi akawa abiria. Njia haikufa. Mwaka 1922 serikali ya Kiingereza ilifungua shule hapa kwa nia ya kuwalea watoto wa watemi watakaoitumikia. Mwaka 1937 akaingia Julius Nyerere. Waingereza walitaka shule hiyo ieneze utii, lakini mawazo hayachungwi kama mbuzi. Vijana wa pande zote za Tanganyika walikutana mabwenini, kila mmoja akaona kwamba malalamiko ya kwao ni malalamiko ya wote.

Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana katika mji huuhuu kuamua kama chama kiingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mhindi. Wengi walikuja wakiwa wameazimia kususa. Mwalimu akawashawishi kwa hoja, uamuzi ukapita, Zuberi Mtemvu akajitoa na kuunda chama chake, na wajumbe wakarudi makwao na kazi ngumu ya kuwaeleza wanachama kwa nini wamekubali jambo ambalo juzi walilikataa. Habari hiyo ilisafiri kwa treni, kwa basi na kwa miguu, kwa lugha iliyokwisha kuzoeleka vijijini kwa sababu wapagazi walikuwa wameizungumza. Uchaguzi wa 1958 na 1959 ulionyesha kama ilifika.

Muziki nao usisahauliwe, kwani Tabora iliwahi kuwa mji mkuu wa dansi wa bara. Kuanzia miaka ya 1930 sahani za santuri za muziki wa Cuba ziliuzwa katika miji ya Kongo. Wakongo waliusikia wakautambua, maana mizizi yake ilikuwa ya kwao, iliyovushwa bahari na watumwa. Wakaufanya upya, na upya huo ukavuka Ziwa Tanganyika. Kiko Kids ya Salum Zahoro, Tabora Jazz ya Shem Karenga, na Nyanyembe Jazz zikaupokea na kuutia Kiswahili cha hapa. Ngoma iliyoondoka Afrika katika minyororo ikarudi kwa gita, ikashukia Kigoma, ikapanda treni kwenda pwani.

Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha kwa UNESCO pendekezo kwamba njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe iwe urithi wa dunia, Bagamoyo hadi Ujiji, Kwihara ikiwamo. Ni jambo jema. Lakini katika jina hilo wamo watumwa na zimo pembe, wapagazi hawamo. Jina la Bagamoyo lenyewe limepata mkosi huohuo. Watalii huelezwa kwamba ni kilio cha mtumwa anayeuacha moyo wake Afrika. Ipo maana nyingine, ya mpagazi anayetua mzigo baada ya miezi mitatu na kubwaga moyo, na maana hiyo inasimuliwa kwa sauti ndogo zaidi. Bado zipo nyumba Tabora ambamo babu wa babu alikuwa kirangozi, mshika bendera aliyetangulia mbele ya msafara. Majina hayo yangeweza kukusanywa na wanafunzi wa shule moja katika likizo moja.

Kwihara, kilomita chache kutoka hapa, wageni huenda kuangalia Tembe la Livingstone, alimokaa na Stanley mwaka 1872. Wachache huambiwa yaliyotokea hapo Oktoba 1873. Livingstone alikwisha kufa, Mei mwaka ule, katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia. Chuma, Susi na wenzao walikuwa wameuzika moyo wake huko, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, na kuubeba mpaka Unyanyembe. Hapo wakamkuta Luteni Verney Lovett Cameron, Mwingereza, ofisa, ambaye aliwashauri wauzike mwili papo hapo, kwani njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Walimsikiliza, wakakataa. Siku chache mbele, katika kijiji cha Kasekera, wenyeji walipozuia maiti isipite, walitengeneza mzigo wa uongo wakaurudisha kana kwamba wanakwenda kuzika, na mwili wenyewe wakaufunga kama robota la nguo ili upite. Ulifika Bagamoyo Februari 1874, ukapelekwa London kuzikwa pamoja na wafalme. Waliouleta walilipwa ujira wao pwani, na wengi wao wakaambiwa waende zao.